Slaida ya picha haisikii kidole kwenye simu, msaada wakuu

dada_vitenge: Wakuu habari za mchana. Nina kitovuti changu cha kuuzia vitenge, ukurasa wa mbele nimeweka slaida ya picha tano, nimeiandika mwenyewe kwa JavaScript, kwenye kompyuta ukibonyeza mishale inaenda freshi ila wateja wangu karibu wote wanaingia kwa simu na wao wanavuta kwa kidole, picha imeganda tu. Kwenye touchstart (kidole kikigusa kioo) nachukua clientX ya mwanzo, yaani kidole kiko wapi kulia-kushoto, halafu kwenye touchend (kidole kikitoka) nachukua touches[0].clientX nipige hesabu, ndo hapo konsoli (pale brauza inapoonyesha makosa) inajaa wekundu eti undefined, yaani hamna kitu. Laibrari (kodi za kupakua zilizoandikwa na wengine) sitaki, nalihurumia bando la wateja. Nakosea wapi?

kaka_mishale: Dada hilo limetutesa wengi, mimi liliniweka macho mpaka saa nane usiku. Touchend inakuja kidole kikiwa kishatoka, na touches ni orodha ya vidole vilivyobaki kwenye kioo, sasa kama ulitumia kimoja mle hamna kitu. Tumia changedTouches[0].clientX, hiyo inashika kidole kilichotoka sasa hivi. Toa ya mwanzo kwenye ya mwisho, ikija hasi kavuta kushoto, lete picha inayofuata. Isipofika pikseli 50 we hesabu kagusa tu.

dada_vitenge: Aisee imekubali!! Ila limezuka lingine, mtu akishuka chini kusoma bei, kidole kikipinda kidogo picha inaruka.

kaka_mishale: Chukua na clientY (kidole kiko wapi juu-chini), badilisha picha pale tu mwendo wa X ukizidi wa Y. Kwenye CSS (kodi ya mwonekano) ya slaida weka touch-action: pan-y pinch-zoom, brauza inabaki na kupanda na kushuka, kulia na kushoto inakuachia wewe. Hiyo pinch-zoom usiisahau, mteja wa kitenge lazima akuze aone maua.

babu_css: Mnajichosha wajukuu zangu. Picha zipange mstari mmoja, boksi linalozibeba lipe overflow-x: auto na scroll-snap-type: x mandatory, kila picha scroll-snap-align: start, yaani boksi livutike pembeni na kila picha inase mahali pake. Kuteleza anafanya brauza mwenyewe, JavaScript ibaki kwa mishale tu.

dada_vitenge: Babu nimejaribu sasa hivi kwenye simu ya mama, ile ya kioo kilichopasuka, inateleza kama mlenda. Nimefuta mistari 40. Kaka usinune 😅