Majirani Magomeni: wanaume 300 na kanga

*Jumapili*

[07:12] Mama Tariq: Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi majirani. Narudia kwa walioamka sasa. Jumamosi tarehe 14 Novemba WANAUME 300, kila mmoja kanga kifuani na kilo moja ya unga ndani yake, Mapipa mpaka Mnazi Mmoja kwa miguu. Tunachangia wodi ya watoto njiti. Siku yao duniani ni tarehe 17 ila ni Jumanne, watu wako kazini. Jiandikeni:
1. Baba Tariq
2.
3.

[07:13] Mama Tariq: Tuko 86 humu. Tiki za bluu naziona

[07:40] Shomari Boda: Baba Tariq kajiandika au kaandikwa? 😂

[07:58] Baba Tariq: Nimeamka nimejikuta kwenye orodha

[08:03] Mama Tariq: Shomari utani baadaye. Njiti wengine wanazaliwa na kilo na chenji. Mwanaume atembee na huo uzito kifuani mwendo wote ule, aone mkewe anavyokaa nao usiku na mchana. Unga tukifika unapelekwa kwa kina mama wa wodini. Na waandishi wakikuta wanaume 300 wamefunga kanga Barabara ya Morogoro, picha itatembea yenyewe

[08:06] Mama Jose: Kwa hiyo tunatafuta kiki

[08:06] Mama Tariq: Ndiyo, kiki. Wengine wanaitafuta kwa upuuzi, sisi tunaitafuta kwa watoto

[08:10] Shomari Boda: Mimi nafunga ila kanga isiwe na maneno

[08:11] Fundi Saidi: Yako ipo tayari, MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE

[08:11] Baba Jose: 😂😂😂

[08:15] Baba Jose: Na huo unga kilo 300 tunanunua kwa nani? Mangi yuko hewani tangu saa moja, kimya, anapiga hesabu

[08:32] Nesi Zuhura: Samahani nipo zamu, naongeza kidogo. Baba naye anaweza kumbeba njiti ngozi kwa ngozi, si mama tu. Hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, 1978, watoto wengi mashine za joto hazitoshi. Shirika la Afya Duniani linasema saa 8 mpaka 24 kwa siku, kadiri mtu anavyoweza. Mkija msilete unga tu. Kofia na soksi za vichanga, na kanga safi

[08:34] Shomari Boda: Saa 24? Boda naendesha saa ngapi

[08:34] Baba Jose: Abiria atakushikia

[09:20] Mama Neema: Mimi nilikaa pale miezi miwili kasoro. Neema alizaliwa na gramu 1,100. Baba yake alikuja siku ya kwanza akaogopa hata kumgusa. Neema huyohuyo ndiye leo anayewapigia mipira kwenye vioo

[09:22] Fundi Saidi: Kumbe. Kioo changu bado nakidai

[09:41] Baba Neema: Niandikeni namba 2

[09:42] Mama Tariq: Asante sana kaka. Wanaume mmemwona mwenzenu?

[10:15] Baba Jose: Novemba vuli. Jangwani ikijaa tutafika Mnazi Mmoja na uji

[10:16] Shomari Boda: Tubebe na sukari kabisa 😂😂

[10:30] Mama Tariq: Tusitoke nje ya mada. Kanga kila mtu aazime kwa mkewe. Kila nyumba elfu tano ya unga na elfu mbili ya bango. Tumeni kwangu, namba ileile

[11:02] Mama Jose: Ileile ya turubai?

[11:03] Mama Tariq: Mama Jose hilo lilikwisha

[11:05] Mama Jose: Lilikwisha kwa nani? Nilitoa elfu ishirini, msiba wa kwa bibi Tatu tukakaa juani kama dagaa

[11:09] Mama Tariq: Risiti ya kukabidhi niliiweka humuhumu. Aliyepewa akanunue anajulikana, na si mimi

[11:10] Fundi Saidi: _Ujumbe huu umefutwa_

[11:10] Shomari Boda: Fundi nimeuwahi 😂

[11:48] Baba Halima: Habarini. Hii ni ya lini?

[13:05] Mzee Kibwana: Nimetoka kuswali nakuta maneno yamefika huku. Hao watoto ni jambo la kheri sipingi. Lakini wanaume mia tatu hawaingii barabarani kwa orodha ya simu. Polisi wanataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla na kabla ya polisi kuna mwenyekiti wa mtaa. Hamjakwenda. Na hela ya turubai aliye nayo ailete kwangu kabla ya Ijumaa. Simtaji. Mpaka hapo asichangishwe mtu.

[13:31] Mama Tariq: Shikamoo babu. Nimekusikia

[13:33] Baba Jose: Shikamoo mzee

[13:34] Nesi Zuhura: Shikamoo babu

[13:50] Fundi Saidi: Shikamoo mzee. Nitapita hapo jioni

[13:51] Mama Jose: 👀

[16:20] Mama Tariq: Majirani, kesho asubuhi naenda kwa mwenyekiti, barua naiandika leo. Nani ananisindikiza? Wakitunyima barabara tutaomba uwanja, ingawa uwanjani atatuona nani. Michango imesimama kama babu alivyosema, MAJINA hayajasimama:
1. Baba Tariq
2. Baba Neema
3. Shomari (kanga isiwe na maneno)
Bado 297

[16:58] Baba Tariq: Kesho mimi naingia kazini mapema

[16:59] Mama Tariq: Wewe tutaongea nyumbani

[21:47] Mangi: Mifuko ya kilo moja sina. Nina ya kilo mbili

[21:48] Shomari Boda: Mapacha hao 😂😂😂

[21:50] Mama Tariq: Mangi bei ya jumla ngapi?

[22:14] Mama Tariq: Mangi?