Naomba ushauri: kufunga kichwa cha tripodi kwa ajili ya picha pana za shamba la zabibu

Mpigapicha wa Ipagala

Habari za asubuhi, wanajukwaa. Kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Mpunguzi, hapa Dodoma, kimeniomba picha moja pana ya shamba kabla ya mavuno ya Agosti. Wanataka bango refu la ukutani ambalo mtazamaji atajiona amesimama katikati ya mistari ya mizabibu, akitazama kutoka kushoto hadi kulia kwa nusu duara nzima.

Kamera yangu ni ya megapikseli 24 yenye sensa ya saizi ya APS-C, lenzi ni ile ya zumu ya milimita 18-55, na tripodi ina kichwa cha mpira cha kawaida. Nikiunganisha picha za majaribio kwenye kompyuta, vilima vya mbali vinakaa sawasawa, lakini nguzo na nyaya za karibu zinakatika kwenye maungio: waya mmoja unatokea kama miwili, na nguzo inakuwa na pacha wake. Zaidi ya hapo, upeo wa macho unapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, hata ninapokuwa nimehakikisha kwamba kamera yenyewe imelala sawa. Nimeambiwa ninunue kichwa maalumu cha panorama. Kabla sijatoa fedha, ningependa kuelewa kichwa hicho kinafanya nini na kinafungwaje.

Mpimaji Ardhi

Ndugu yetu, una matatizo mawili tofauti, na ni vizuri uyatenganishe.

La kwanza ni paralaksi. Kamera ikifungwa moja kwa moja juu ya tripodi, inazunguka kwenye tundu la skrubu lililo chini ya mwili wake, ilhali mahali ambapo lenzi inautazama ulimwengu pako mbele zaidi. Ukichungulia lenzi kwa mbele utaona duara dogo la upenyo wa mwanga. Hapo ndipo panapotakiwa kukaa juu ya mhimili wa mzunguko. Pasipokaa hapo, kila unapogeuza kamera lenzi inahama kidogo kwenda pembeni, na vitu vya karibu vinahama mbele ya vitu vya mbali.

Tufanye hesabu kwa kamera yako. Tuseme upenyo huo uko sentimita 8 mbele ya mhimili, nawe unageuza kamera nyuzi 30 kati ya picha na picha. Lenzi itahama takriban sentimita 4. Kwa lenzi ya milimita 18, nguzo iliyo umbali wa mita moja itahama karibu pikseli 190 ikilinganishwa na vilima, wakati jengo lililo mita 200 halitahama hata pikseli moja. Ndiyo maana mtu anayepiga picha ya mji akiwa juu ya Mlima Simba anaweza kushika kamera mkononi na picha zake zikaungana bila kasoro, ilhali wewe uliye kati ya nyaya za zabibu huwezi.

Tatizo la pili ni usawa. Kwenye vichwa vingi vya mpira, sehemu inayozunguka iko chini ya mpira. Kwa hiyo unapoilaza kamera sawa kwa kutumia mpira, mhimili wenyewe unabaki umeinama kama miguu ya tripodi ilivyoinama, na picha zinapangika kama ngazi. Pimamaji iliyo juu ya kamera haitakuonyesha hilo, kwa sababu inapima kamera katika picha ya kwanza tu. Unachotakiwa kukisawazisha ni kitako kinachozunguka. Ama urekebishe urefu wa miguu mpaka kitako kilale sawa, ama ufunge kifaa cha kusawazisha kati ya miguu na kichwa, ama upate kibano kinachozunguka kikae juu ya mpira, ili mpira wenyewe ufanye kazi ya kusawazisha. Mimi ningechagua hiki cha mwisho, kwa sababu udongo wa shambani ni wa kichanga na miguu huzama kidogo kidogo. Ni rahisi kurekebisha mpira kuliko kuinamia miguu mitatu kila mara.

Mhariri wa Picha

Naomba nitofautiane kidogo. Programu za siku hizi zina uwezo mkubwa wa kuficha maungio. Je, hana haja tu ya kuongeza eneo la kupishana kati ya picha, badala ya kuingia gharama za vifaa?

Mpimaji Ardhi

Kwa majani, nyasi na mawingu nakubaliana nawe, kwa kuwa jicho halijui jani lilipaswa kuwa wapi. Waya ulionyooka hausameheki. Programu itaupinda au itaukata, na katika bango la mita kadhaa kila mpita njia ataona. Asahihishe hapo shambani.

Fundi wa Kisasa

Kuhusu gharama, unaweza kuanza na reli ya kutelezesha kamera mbele na nyuma na bano lenye umbo la L, bila kununua kichwa kizima cha panorama cha safu nyingi, maana bango lako ni la safu moja tu. Reli hata fundi wa aluminiamu anaweza kukutengenezea: bapa lenye unene wa milimita 6, mfereji katikati, na bolti ya robo inchi, ambayo ndiyo saizi ya tundu la chini ya kamera. Mwambie autengeneze mfereji kwa mashine, asiukate kwa mkono, kwa sababu reli inayocheza ni hasara tupu.

Bano la L litaisimamisha kamera wima. Itazame kwa mbele na uhakikishe kwamba katikati ya lenzi pako juu kabisa ya mhimili, wala si kushoto au kulia. Watu wengi hurekebisha mbele na nyuma wakasahau pembeni.

Kisha chomeka ufito wima umbali wa mita moja hivi na uchague kitu chembamba cha mbali, kwa mfano mnara wa simu. Sogeza tripodi mpaka viwili hivyo vipangane katikati ya kioo cha kamera, ukiwa umekuza picha. Geuza kamera kuelekea kulia. Ufito ukihamia kushoto ya mnara, lenzi iko mbele mno, kwa hiyo irudishe nyuma kwenye reli. Ukihamia kulia, isogeze mbele. Rudia hadi viwili hivyo visiachane ukigeuza upande wowote.

Mpigapicha wa Ipagala

Nawashukuru sana, sasa nimeelewa kwa nini vilima havikunisumbua. Nina maswali mawili. Je, kipimo cha reli kinabadilika nikibadilisha zumu? Na kwa nusu duara nipige picha ngapi?

Mpimaji Ardhi

Kipimo hubadilika. Upenyo huo husogea kila unapozungusha zumu, na hata fokasi huusogeza kidogo. Kaa kwenye milimita 18, bandika utepe kwenye pete ya zumu, na uchore alama kwenye reli.

Kamera ikiwa wima, lenzi hiyo inaona takriban nyuzi 47 kwa upana. Ukigeuza nyuzi 30 kila mara, picha 6 zinafunika nyuzi 197 na theluthi moja ya kila picha inapishana na jirani yake, nafasi ya kutosha kwa programu kama Hugin, ambayo ni ya bure. Weka upenyo kwenye f/8 na fokasi ya mkono kwenye mita 2. Kila kitu kuanzia mita moja hadi mbali kabisa kitatoka kikali, bila ukungu. Mwangaza na mizani ya rangi viwe vya mkono na visibadilike kati ya picha. Usitumie kichujio cha polaraizi, kwa sababu anga letu la kiangazi litatoka na bonge la buluu nzito upande mmoja na weupe upande mwingine.

Nenda mapema, upepo wa Agosti ukiwa haujaamka, na utumie kasi ya 1/250 au zaidi. Vichala vya zabibu vikitikisika hata hivyo, piga mzunguko wote mara mbili bila kugusa reli. Hugin inakuruhusu kuziba sehemu ya picha moja ili ichukue ya picha nyingine, na mahali pa kutazama kwanza ni pale waya unapovuka kwenye ungio.