Naomba ushauri: vijana wanaojitolea kwenye siku yetu ya magari

Wakuu naombeni ushauri. Kila mwaka wapenzi wa magari ya spoti hapa Dar tunakutana, tunapiga picha kisha msafara hadi Bagamoyo, na watu wanasifia Subaru na Supra ila wanaoibeba siku yote ni vijana wa kujitolea, wako pale toka alfajiri wanapanga paking, wanashika koni, wanazuia watoto wasisogee gari zikipiga resi, jua lote kichwani. Sasa wengi wamechoka na nawaelewa kabisa. Kuwalipa hatuwezi, tunachangishana wenyewe. Tuwape nauli na msosi, au zamu fupi fupi ili nao wayaone magari? Na aliyewahi kuomba Msalaba Mwekundu waje na huduma ya kwanza, utaratibu ukoje?