Naomba ushauri: mshipa wa fahamu wa mkono uliokatika

Wakuu, habari zenu, hasa madaktari wa upasuaji na wataalamu wa fiziotherapia.

Mdogo wangu, fundi magari, alikatwa na kioo juu kidogo ya kiganja. Mshipa wa fahamu umeharibika, kuna pengo la sentimita 4 hivi. Kidole gumba hakikamati spana, na ncha za vidole hazisikii hata moto.

Daktari anashauri achukue mshipa wa fahamu wa mguuni aupandikize mkononi, ila pembeni mwa unyayo patabaki na ganzi. Nikasoma kwamba mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, waliziba pengo la sentimita 5 kwenye mikono ya nyani kwa mrija unaoyeyuka mwilini, wenye chembechembe zinazoachia GDNF polepole. Hiyo ni protini inayochochea neva (mishipa ya fahamu) kukua. Ikidungwa tu hutoweka haraka. Baada ya mwaka mmoja, mikono ilifanya kazi sawa na iliyopandikizwa mshipa.

Kinachonitisha ni muda. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, na misuli iliyokosa neva kwa mwaka na zaidi hunyauka, kuirudisha ni shida kubwa.

Je, kuna majaribio kwa binadamu yanayopokea wagonjwa sasa? Au tukubali upandikizaji mapema? Mimi naelemea huko. Na mliotolewa mshipa wa mguu, ganzi hiyo inawasumbua kiasi gani mkitembea?