Dawa ya presha na miguu kuvimba

Swali: Assalamu alaikum. Mama yangu, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, alianzishiwa amlodipini kwa kuwa presha yake ilizidi 140/90 kila alipopimwa, na sasa vifundo vya miguu humvimba jioni hata makubadhi hayamwingii. Je, aiache?

Jibu: Waalaikum salaam. Asiiache ghafla. Dawa hiyo hutanua mishipa midogo ya damu, na maji huvuja na kutuama miguuni. Daktari anaweza kupunguza dozi au kumwongezea losatani, dawa nyingine ya presha inayosaidia kupunguza uvimbe huo.

Jibu: Ila akikosa pumzi alalapo chali, au akigutuka usiku akihema, huenda moyo wenyewe umeshindwa kusukuma damu vyema, kwa hiyo mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Jibu: Ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) pia mpunguzieni kwa ajili ya chumvi yake, ingawa kwa wazee wetu hilo ni zito kuliko vidonge.