Kupanga muda wa mechi na mpinzani wa mbali

Swali: Ligi ya sataranji ya timu, raundi wiki moja, mchezo 45+45 (dakika 45 kwa kila mchezaji, na sekunde 45 za nyongeza kwa kila hatua). Tumepishana saa 8 na mpinzani. Nimwandikieje?

Jibu 1: Mwandikie ratiba ikitoka tu. Usimuulize "unapatikana lini?", utazungushwa. Mpe nafasi tatu kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), mfano "Jumamosi 14:00 UTC". Kila nafasi iwe na saa 3 tupu: hatua 60 zinampa kila mmoja dakika 90.

Jibu 2: Machi na Oktoba hakikini upya. Ulaya husogeza saa zao mbele au nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya miezi hiyo, Marekani tarehe nyingine, hivyo pengo lenu huhama.

Jibu 3: Akinyamaza siku mbili, mjulishe nahodha. Muda mliokubaliana uandikwe kwenye chaneli ya ligi. Ujumbe wa faragha pekee huleta ubishi asipotokea.