Naomba ushauri: iPhone yangu ya biashara imewekwa iOS 26 ya majaribio, nataka kurudi iOS 18 bila kupoteza mazungumzo ya wateja

Mama Vitenge:
Habari za jioni wakuu. Nauza vitenge na madera mtandaoni, kwa hiyo simu ndiyo duka langu. Natumia iPhone 13 ya GB 128. Mwishoni mwa Julai 2025 mpwa wangu, ambaye anayapenda sana mambo haya, aliniwekea iOS 26 (mfumo unaoendesha iPhone) ya majaribio, yaani beta, ile iliyofunguliwa kwa umma kabla toleo kamili halijatoka. Kwa sura inapendeza, kila kitu kama kioo. Shida ni kwamba programu ya benki ikifunguka inajifunga papo hapo, na chaji iliyokuwa inanifikisha magharibi sasa hivi saa nane mchana imeisha.

Wateja wangu wote wako WhatsApp Business: vipimo vyao, oda zao, nani kalipa nusu na nani bado. Picha za mizigo nazo zimo humo humo. Kompyuta sina, wala sijawahi kuweka bakapu (nakala ya akiba) kwenye kompyuta ya mtu. Je, beta hii inatoka bila kufuta kila kitu? Mpwa anasema ni kubonyeza tu, lakini sitaki kumkabidhi simu kabla sijawasikia.

Dogo wa Sinza:
Rahisi sana dada. Settings, General, Software Update, halafu Beta Updates weka Off. Zima simu, washa. Umemaliza.

Fundi wa Mwenge:
Dada, hiyo hatua haikurudishi iOS 18. Kuweka Off kunazuia beta zinazofuata zisiingie, basi. Iliyomo inabaki humo mpaka toleo kamili litoke, na kwa kawaida hutoka mwezi wa tisa. Likitoka, simu inalipokea kama sasisho lolote na data zako zinabaki.

Kurudi nyuma sasa hivi ni jambo jingine kabisa. Simu inafutwa yote, inawekewa iOS 18 kupitia kompyuta, kisha unaanza upya. Na kuna kitu wengi hawaambiwi: bakapu iliyotengenezwa ukiwa iOS 26 haikubali kurudishwa kwenye iOS 18. Ndiyo maana Apple wenyewe wanashauri uweke bakapu kabla ya kugusa beta, na uiweke kwenye kifaa ambacho si tegemeo lako. Ukipata kompyuta kabla ya kuweka beta, unafanya bakapu ya humo, unaihifadhi pembeni isije kufunikwa na mpya, ndipo unaendelea. Kwako hiyo haipo, kwa hiyo tutazame kipi kinaokoleka.

WhatsApp ina bakapu yake yenyewe iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple), tofauti na bakapu ya simu, na yenyewe haijali uko iOS ipi. Ingia Settings za WhatsApp, Chats, Chat Backup, bonyeza Back Up Now. Ukirudi iOS 18 ukaingia kwa namba ile ile na Apple ID ile ile (akaunti ya Apple, siku hizi inaitwa Apple Account), mazungumzo yanarudi. Nafasi ya bure iCloud ni GB 5 tu, kwa hiyo kama video ni nyingi ziondoe kwenye bakapu au nunua nafasi ya mwezi mmoja. Picha zihamishie kwenye kompyuta au flashi. Namba za simu hakikisha ziko iCloud.

Binti Pwani:
Mimi ningengoja. Dada, benki karibu zote hapa nyumbani zina huduma ya kupiga nyota na reli, haihitaji programu. Angalia salio na utume pesa kwa njia hiyo, tembea na power bank, mwezi wa tisa si mbali. Kufuta simu ya biashara ni hatari kubwa kuliko chaji kuisha mapema.

Fundi wa Mwenge:
Binti Pwani ana hoja nzuri na sipingani naye. Kama huduma ya nyota inakutosha, ngoja. Kama inakukwamisha, rudi, lakini fanya bakapu ya WhatsApp leo hii hii, uwe unarudi au unangoja. Beta inaweza kukwama yenyewe bila kukupigia hodi.

Mkenya wa Eldoret:
Dadangu, kabla ya yote, fungua Settings na usome jina lililo juu kabisa. Apple ID hiyo ni yako? Huku kwetu watu wengi hununua simu dukani na muuzaji anawafungulia kwa akaunti ya duka. Simu inafanya kazi vizuri miaka yote. Siku ikifutwa, inauliza nenosiri la akaunti iliyokuwamo, na usipokuwa nalo imefungwa. Kubadilisha iOS hakuondoi kufuli hiyo.

Mama Vitenge:
Mkenya, Mungu akubariki. Nimeangalia sasa hivi. Kuna barua pepe nisiyoijua kabisa. Simu niliinunua mkononi, na aliyeniuzia ndiye aliyeniandalia.

Fundi wa Mwenge:
Basi usifute chochote, na mpwa asiiguse. Kazi ya kwanza sasa ni akaunti, beta isubiri. Mtafute aliyekuuzia uso kwa uso, aingize nenosiri lake mbele yako, akaunti itoke kwa Sign Out na Find My (huduma ya kutafuta simu iliyopotea, ndiyo inayoweka kufuli) izimike. Kuiondoa simu kwenye akaunti yake akiwa mbali, kupitia iCloud, kunaweza kutaka simu ifutwe kwanza, kwa hiyo ana kwa ana ni bora. Simu ikiuliza ubakize nakala ya namba za watu, kubali. Picha zitoe kwanza. Kisha fungua Apple ID yako mwenyewe, kwa barua pepe yako na namba yako, na bakapu ya WhatsApp uifanyie humo, kwa sababu ya zamani iko kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Kwa watu wanaokwambia watavunja kufuli kwa malipo, kaa nao mbali.

Mama Vitenge:
Nimempata, yuko Ilala, ni muungwana. Kesho nakwenda. Mwenye duka jirani amekubali kunipa laptop ya Windows. Nikishamaliza akaunti, hatua zikoje?

Fundi wa Mwenge:
Tenga kama GB 10 za bando, au tafuta Wi-Fi, maana faili la iOS ni zito. Weka iTunes au programu ya Apple Devices. Zima Find My. Unganisha simu kwa waya, kisha bonyeza sauti juu na uachie, sauti chini na uachie, halafu shikilia kitufe cha pembeni. Alama ya tufaha ikija usiachie. Endelea mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Kompyuta itakuuliza Update au Restore. Chagua Restore.

Intaneti ikiwa pole pole, upakuaji ukizidi dakika 15 simu inajitoa kwenye hali hiyo. Usishtuke. Acha faili limalize kushuka, kisha rudia vitufe. Ikiwaka, utatumiwa namba ya uthibitisho kwa SMS, kwa hiyo laini iweke kwenye kitochi pembeni uipokee. Na je, una Apple Watch? Kama nayo imewekewa beta niambie, saa hairudishwi nyuma nyumbani.

Mzawa wa Tanga:
Samahani nadandia uzi. Mimi nina Pixel (simu ya Google) yenye beta ya Android. Kanuni ni hiyo hiyo?

Fundi wa Mwenge:
Karibu sawa. Ukijitoa kwenye mpango wa beta katikati, unaletewa toleo la kawaida linalofuta simu yote. Ukingoja toleo kamili, ukaliweka, ukajitoa kabla ya beta inayofuata kuingia, hufutiwi kitu. Ila si kila mara njia ya nyuma ipo: mwaka 2022 Pixel 6 zikishaingia Android 13, Google walifunga kurudi Android 12 kwa sababu ya usalama. Soma tangazo la toleo lako kwanza.

Mama Vitenge:
Wakuu, nimerudi kuwashukuru. Akaunti ya zamani imetoka, nina yangu. Tumerudisha iOS 18, upakuaji ulizidi muda kama Fundi alivyosema, tukarudia vitufe ikakubali. Mazungumzo yote yamerudi, video niliziacha kwa hiari yangu. Benki inafunguka. Saa sina.

Fundi wa Mwenge:
Safi sana dada. Bado moja: Software Update, angalia kama Beta Updates imeandikwa Off kwenye akaunti yako mpya. Na nenosiri la Apple ID liandike kwenye daftari la nyumbani.